Mafuta yanayokaa ndani ya chuma

Akina mama wa Kalundu, Kasenga na Mulongwe, leo tuzungumze juu ya mashine ya kusaga. Muhogo tunauanika chini, upepo wa ziwa unauletea mchanga, na mchanga ule unaingia mashinani pamoja na muhogo. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikifika kwenye gololi zinazozungusha mashine inazikwangua, na mafuta tunayotia yanaikamata vumbi hadi inakuwa kama tope la kusugulia.

Hapo ndipo wengine wanamimina mafuta ya vidanje kwa sababu ni ya bure. Hilo tunalikataa kabisa. Mafuta yaliyokwisha kutumika katika injini yana masizi na chembe za madini, na yakidondoka katika unga, watoto wetu ndio wanayala.

Wataalamu wa nchi za viwanda wana njia nyingine: wanakipaka chuma ngozi nyembamba yenye ulainisho wake ndani. Humo wanachanganya chembe ngumu sana, ndogo hata jicho haliwezi kuziona, na kitu laini kama grafiti. Ngozi ikilika kidogo, grafiti iliyofichwa inatokea na kulainisha tena, bila mtu kuongeza mafuta. Inafaa pale ambapo mafuta yanaungua, yanaganda au yanavuta vumbi.

Grafiti mnaijua, ndiyo ile nyeusi ya ndani ya penseli. Imejengwa kwa tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana inaacha alama kwenye daftari. Sugua penseli kwenye zipu iliyogoma, utaona.

Ziwa letu nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen, lakini kwanza mitambo yake waliipaka grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ngozi hizo mpya hatujaziona kwa mafundi wetu, basi asije mtu kuwauzia rangi ya kopo akiziita hivyo. Kwa sasa tuanike muhogo juu ya turubai, tuupepete vizuri, na tumwombe fundi afunike gololi vizuri na atie grisi safi, kidogo, baada ya kufuta ile ya zamani.