Mwanasesere Anayetundikwa Ukutani

Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, wako watu waitwao Wahopi. Ni wenyeji wa nchi ile tangu kabla Wazungu hawajafika. Vijiji vyao viko kwenye milima ya mawe iliyo bapa juu yake. Kijiji kimoja, Oraibi, kimekaliwa kwa zaidi ya miaka 800.

Wahopi ni wakulima wa mahindi, lakini nchi yao ni kame. Mvua ni milimita 250 hivi tu kwa mwaka. Mbegu huifukia chini sana, hata sentimita 30, ili ipate unyevu. Je, mkulima wa namna hiyo atawaza nini kama siyo mvua?

Basi, Wahopi husema wako roho waitwao katsina, ambao hupokea maombi ya watu na kuleta mvua. Wako wa mawingu, wa wanyama, wa mimea. Aina zao hupita 200. Hufika vijijini wakati wa baridi, na mwezi wa Julai hurudi kwao, kwenye milima mirefu karibu na mji wa Flagstaff. Katika miezi hiyo wanaume hucheza ngoma wakiwa wamevaa vinyago vya katsina usoni. Kwenye ngoma hizo wavulana hupewa pinde na mishale, na wasichana hupewa wanasesere wa mti. Mwanasesere huyo huitwa tihu.

Tihu siyo mungu wa kuabudiwa, wala siyo wa kuchezea tu. Hutundikwa ukutani, mtoto amwone kila siku na kujifunza: huyu ni katsina gani, amevaa nini, anatuletea nini. Kumpa binti tihu ni dua pia, akue vizuri na aje kuwa na uzazi. Mtoto mchanga huanza na tihu bapa kama kibao, asiye na miguu.

Fundi huchonga mzizi mkavu wa mti uitwao kotonwudi. Mzizi huo ni mwepesi na laini. Tena ni mzizi unaotafuta maji ardhini, kama Wahopi wenyewe! Zamani alitumia kisu na jiwe la kusugulia, akapaka udongo mweupe, halafu rangi. Njano ni ya kaskazini, buluu magharibi, nyekundu kusini, nyeupe mashariki. Tihu wa zamani husimama wima, mikono tumboni. Wa siku hizi huchongwa akicheza, mguu juu, hata manyoya yakionekana moja moja. Ni ufundi mkubwa, ingawa mimi nawapenda zaidi wale wa zamani.

Reli ilipofika miaka ya 1880, wageni wakaanza kuwanunua. Fedha hizo zimelisha nyumba nyingi. Hata hivyo, wako Wahopi wasiopenda biashara hiyo.

Lakini vinyago vya usoni haviuzwi kabisa. Wahopi huviita rafiki. Mwaka 2013 vilipigwa mnada mjini Paris, Ufaransa. Wahopi wakaenda mahakamani kuzuia, wakashindwa. Desemba mwaka huohuo vikaletwa vingine mnadani. Safari hii Mfuko wa Annenberg wa Marekani ulinunua vitu 24 bila kujitangaza. Kumbe ulitaka kuwarudishia wenyewe. Katika hivyo, 21 vilikuwa vya Wahopi.