Kijana Anajifunza Kuzamia kwa Mtungi: Mchunguze Mwalimu

Leo sizungumzii chanjo wala uji wa mtoto. Nazungumzia kijana wako anayetoka asubuhi akisema anakwenda kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, apate kazi ya kutembeza watalii au ya kutoa jongoo bahari. Kazi ni nzuri. Swali ni nani anamfundisha.

Mama mmoja aliniletea mwanawe akiumwa sikio na kutoka damu puani. Nilipomwuliza alifunzwaje, kijana akajibu, "Nilipewa mtungi, nikaambiwa mfuate mwenzako." Somo lilikuwa hilo tu, na siku hiyo alikuwa na mafua!

Ukifika mita 10 chini, msongo huwa mara mbili ya huku juu. Hewa uliyovuta pale kutoka kwenye mtungi, ukiibana kifuani na kupanda, hutanuka maradufu, na mapafu yanaweza kupasuka. Vijana wetu waliozoea kuzamia pweza hubana pumzi, na haiwapasui kwa sababu hewa ile walishuka nayo kutoka juu. Mtungi ni kinyume. Mwalimu asiyeanza na neno hili, "usibane pumzi kamwe", hafai, hata kama anajua miamba yote ya Diani.

La pili ni kupanda polepole, kama mita 9 kwa dakika, na kupumzika dakika 3 kwenye mita 5. Fungua soda kwa ghafla uone povu. Damu nayo hufanya hivyo. Likoni mwaka 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri, watu walinung'unika kwamba wazamiaji wanachelewa. Gari lilikuwa mita 58 chini. Kina hicho mtu hakai sana, wala hapandi mbio.

Basi mama, nenda ukaulize, usione haya. Ana kadi ya ualimu? Alimwuliza kijana kuhusu pumu na kifafa? Somo la kwanza lilikuwa kwenye bwawa au maji ya kina kifupi? Kwenye mashua mna oksijeni ya dharura? Mashine ya kujaza mitungi inavuta hewa wapi? Ikiwa karibu na moshi wa injini, kijana atavuta sumu. Hewa ikinuka mafuta, asizame. Mtoto chini ya miaka 10 hapewi mtungi baharini, na aliyehitimu juzi hapiti mita 18. Anayempeleka mwanafunzi nje ya mwamba wakati kusi imechafua bahari, mkatalie.

Akirudi, mwangalie siku nzima. Viungo vinauma, miguu imekufa ganzi, kizunguzungu, mkojo hautoki, anakohoa damu? Wengi husema amekumbwa na jini wa bahari. Sibishani na mtu juu ya majini, lakini hospitali iwe kwanza. Mlaze chali, apewe oksijeni ikiwapo. Asirudishwe majini eti apone. Mpeleke Msambweni kwa njia ya pwani, msimpandishe mlima kwenda Kwale, kwani kupanda juu huongeza povu lile. Mwambie daktari waziwazi: alizamia kwa mtungi, kina kadhaa, alitoka saa ngapi.