Matope Yanaua Injini ya Pikipiki

Wengi wetu tulinunua pikipiki ya nyumbani kwa pesa ya likelemba. Mtoto anabeba watu, jioni analeta pesa ya chakula na ya shule. Lakini tunaosha tanki mpaka ling'ae, injini tunaiacha na matope yake.

Pikipiki nyingi za hapa hazina maji ya kupoza injini. Upepo ndio unaoipoza. Kwa hiyo silinda imezungukwa na vibamba vilivyopangana kama mbavu: joto linatokea hapo, upepo unalichukua. Matope yakikauka katikati ya mbavu hizo, ni kama kumfunika blanketi mtoto mwenye homa. Mafuta ya injini yanakuwa mepesi, pistoni inakwama, na pesa ya likelemba inaishia garaji.

Kuosha si kazi ngumu:

– Acha injini ipoe kabisa. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua.
– Lowesha matope, uyatoe kwa kijiti cha mti. Usitumie kisu, mbavu huvunjika.
– Sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Esansi hapana, mbabula iko karibu na watoto wanacheza.
– Usimwage maji kwenye buji wala kwenye chujio la hewa.
– Suuza, kausha. Ukiona mafuta yanavuja, ita fundi, maana vumbi linashika hapo upesi.

Wakati wa mvua fanyeni hivyo kila juma, na mfundishe watoto wote, wa kike na wa kiume.