Mali Bila Daftari: Ofisi ya Uchunguzi wa Jiolojia na Haja Yake kwa Mji wa Kamina

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelekezwa kwa mwenye duka, lakini yafaa pia kwa nchi ambayo utajiri wake umo ndani ya ardhi. Makala haya yanaeleza kazi ya ofisi ya serikali ya uchunguzi wa jiolojia, ambayo ndiyo daftari la taifa la miamba, maji na madini. Aidha, yanaonyesha kwa nini ofisi hiyo ina umuhimu wa pekee kwa mji kama Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba mwenye ardhi asiyejua kilichomo hawezi kukiuza kwa bei ya haki, wala hawezi kukataa kukiuza.

Kazi ya ofisi

Jiolojia ni elimu ya miamba ya dunia: jinsi ilivyofanyika, umri wake, na namna ilivyopangika chini ya udongo. Ofisi ya uchunguzi wa jiolojia haichimbi madini wala haiyauzi. Kazi zake zaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Kwanza, huchora ramani. Wataalamu hupita nchini kipande kwa kipande, wakiandika aina ya kila mwamba unaojitokeza juu ya ardhi, na siku hizi hutumia pia ndege zinazopima nguvu ya sumaku ya miamba. Pili, hukusanya sampuli za mawe, za udongo na za mashapo ya mito, kisha huzipima katika maabara. Tatu, huhifadhi. Kila shimo lililotobolewa, kila daftari la safari na kila jiwe lililopimwa hutunzwa ili mtafiti wa kesho asirudie kazi ya jana. Nne, hushauri juu ya mambo yasiyo ya madini: mahali pa kuchimba visima, ardhi isiyofaa kujengwa, na hatari ya mitetemeko na maporomoko.

Kazi hizi huzaa matunda polepole, na kwa sababu hiyo serikali nyingi zimezichukua zenyewe badala ya kuwaachia wafanyabiashara. Uingereza ilianzisha ofisi yake mwaka 1835, India chini ya utawala wa Waingereza mwaka 1851, na Marekani mwaka 1879. Katika Afrika Mashariki, Uganda ilitangulia mwaka 1919, ikafuatwa na Tanganyika mwaka 1925, makao yakiwa Dodoma, na Kenya mwaka 1933. Mfano wa Uganda unafundisha mengi. E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa ofisi hiyo, alichapisha mwaka 1925 taarifa juu ya mahali ambapo mafuta yalikuwa yakichuruzika kandokando ya Ziwa Albert. Mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006, miaka 81 baadaye. Hakuna mfanyabiashara ambaye angetunza karatasi kwa muda huo wote akingojea faida.

Historia ya daftari la Katanga

Elimu ya madini katika eneo hili haikuanza na wageni. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia waliofukua kuanzia mwaka 1957 walikuta mapambo ya shaba na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Bonde hilo halina shaba. Ilitoka kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, katika vilima ambavyo wenyeji walikuwa wakivichimba na kuyeyusha mawe yake. Vilima vingi vya aina hiyo havioti miti, ila nyasi na maua machache yanayostahimili shaba. Watafutaji wa Kizungu walipofika, mara nyingi walielekezwa kwenye mashimo hayo ya kale.

Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji, alipita Katanga katika msafara wa miaka ya 1891 hadi 1893, naye ndiye anayetajwa kuwa aliuita utajiri wa nchi hiyo kashfa ya kijiolojia. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, ambamo dola ya Kongo ya Mfalme Leopold ilikuwa na theluthi mbili na kampuni binafsi theluthi moja. Kamati hiyo ilisimamia ardhi, ikatoa haki za kuchimba, na baadaye ikawa na idara yake yenyewe ya jiografia na jiolojia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa mwaka 1906. Kwa hiyo, ijapokuwa serikali ya koloni nayo ilikuwa na ofisi yake ya jiolojia, Katanga ilipimwa kwa sehemu kubwa na wale wale waliotaka kuichimba. Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na mtumishi wa kampuni. Wenyeji wa ardhi hiyo walikuwa wa mwisho kuelezwa jiwe hilo lilikuwa na kazi gani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, sehemu kubwa ya madaftari, ramani na sampuli ilikuwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren. Ramani ya jiolojia ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 1974, iliyotayarishwa na Lepersonne, ilikuwa kwa kipimo cha moja kwa 2,000,000. Katika kipimo hicho, kilomita 20 za ardhi huwa sentimita moja ya karatasi. Ramani hiyo humwelimisha mwanafunzi, lakini haimwambii mkuu wa kijiji kilichomo chini ya shamba lake. Katika muongo wa 2010, Kongo ilikipanga upya kituo chake cha utafiti wa jiolojia na kukifanya ofisi ya kitaifa ya jiolojia.

Kamina na haja yake

Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo, na tawi la kwenda Kabalo lilimalizika mwaka 1956. Kwa miongo mingi mji huu umeyatazama madini ya wengine yakipita. Jimbo lenyewe lina makaa ya mawe ya Luena, katika eneo la Bukama, na bati inayochimbwa na wachimbaji wadogo upande wa Malemba-Nkulu. Wachimbaji hao hufuata mshipa wa madini kwa macho na kwa uzoefu. Mshipa ukipotea, hubahatisha, na shimo lililochimbwa kwa kubahatisha ndilo linaloua.

Sheria ya Madini ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, imegawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mahali panapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mgawanyo huo ni hatua njema. Lakini asilimia 25 ya kitu kisichopimwa ni ahadi tu. Huko Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, bati ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, ilhali vipimo vya kina vya lithiamu iliyomo katika miamba ile ile vilifanywa na kampuni binafsi katika muongo wa 2010. Serikali ikiketi kujadiliana katika hali hiyo, husoma hesabu iliyoandikwa na mwenzake wa upande wa pili wa meza.

Lugha ya daftari

Jambo moja lawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu mwaka 1971 hadi 1997, Katanga yote, pamoja na Kamina, iliitwa Shaba. Jimbo lilibeba jina la Kiswahili la madini yake, na hali sheria, ramani na taarifa za madini hayo ziliandikwa kwa Kifaransa. Mchimbaji wa Malemba-Nkulu hufanya kazi kwa Kiluba na Kiswahili, lakini haki zake zimo katika lugha nyingine. Istilahi si kikwazo. Mwamba, mashapo, mshipa, sampuli na mrabaha ni maneno yanayotumika tayari, na ofisi iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1925 leo inaitwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania.

Hitimisho

Ofisi ya kitaifa iliyoko Kinshasa haitoshi ikiwa matokeo yake hayafiki majimboni. Kamina yahitaji tawi lenye ramani za kipimo kikubwa, maabara ndogo na chumba cha kuhifadhia sampuli, likishirikiana na vyuo vikuu vya Kamina na Lubumbashi. Yahitaji pia taarifa fupi kwa Kiswahili, zinazoweza kusomwa mbele ya baraza la kijiji kabla ya mgeni kufika na mkataba wake. Daftari lililofungiwa mbali na mwenye mali halimwokoi na hasara.