Masomo Rekebishi ya Kusoma na Kuhesabu: Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kuyafahamu

Katika shule za msingi wapo wanafunzi waliofika Darasa la Tatu, la Nne na hata la Tano ilhali hawawezi kusoma aya fupi ya Kiswahili na kuielewa, wala kufanya hesabu ya kutoa kwa kukopa. Wanahudhuria shule, wananakili kazi ya ubaoni kwa mwandiko mzuri, na mzazi akikagua daftari hulikuta limejaa, akaridhika. Ukweli hujitokeza katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambapo karatasi ya kila somo, liwe la sayansi au la hisabati, humtaka mtoto asome kwanza ndipo ajibu. Asiyejua kusoma hushindwa masomo yote kwa upungufu mmoja.

Masomo rekebishi ni msaada wa ziada unaotolewa shuleni kwa ajili ya wanafunzi hao kabla hawajafika hapo.

Ifahamike kwanza kwamba mtoto aliyebaki nyuma si mjinga. Mara nyingi alikosa hatua moja ya mwanzo: aliugua kwa majuma kadhaa, alihama na wazazi, alibaki shambani msimu wa palizi, au alikaa mwisho wa darasa lenye wanafunzi wengi. Wengine hawauoni ubao vizuri au hawasikii vyema, na hao hawana budi kupelekwa kwanza kituo cha afya. Darasa huendelea na muhtasari wake, naye hufundishwa jambo la tatu ilhali la pili hajalipata.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kumpima kila mtoto peke yake, kwa dakika chache. Katika kusoma huanzia silabi, kisha maneno, aya na hadithi fupi. Katika kuhesabu huanzia kutambua namba, kisha kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Mwalimu hatafuti alama za kujaza katika ripoti, bali mahali mtoto anapokwama. Mmoja husoma ukurasa mzima bila kosa, kumbe ameukariri kwa kuitikia pamoja na wenzake. Akioneshwa neno “ng’ombe” likiwa peke yake, hunyamaza. Mwingine huandika kwamba 52 kutoa 17 ni 45. Kosa hilo lina sababu: ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kila upande, kwa kuwa hajaelewa kwamba 5 iliyo katika 52 ni makumi matano. Alama ya mkasi pekee haitamsaidia. Apewe mafungu matano ya vijiti kumi kumi pamoja na vijiti viwili, aachwe afungue fungu moja ili apate vya kutoa. Atabaki na mafungu matatu na vijiti vitano, naye ataona mwenyewe kwamba jibu ni 35.

Baada ya kupimwa, watoto hupangwa kwa makundi kulingana na uwezo, si kulingana na darasa. Utaratibu huu ulipata umaarufu nchini India kupitia shirika la Pratham, na umetumika pia katika nchi za Afrika, ikiwemo Zambia. Makundi hayo si ya kudumu. Mtoto hupimwa tena kila baada ya muda, na akivuka hatua huhamia kundi la mbele.

Hapa ndipo baadhi ya wazazi hukwazika. Mzazi huona aibu mwanawe wa Darasa la Tano kuketi na wa Darasa la Tatu, akamkataza kuhudhuria. Aibu hiyo humgharimu mtoto. Wazee wetu waliojifunza kusoma katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 walikaa na majirani wa rika zote, na hakuna aliyepungukiwa heshima kwa sababu hiyo.

Mchango wa mzazi ni mdogo, lakini hauna mbadala. Kwanza, amruhusu mtoto kubaki kwenye kipindi, na kazi za nyumbani zipangwe baada yake. Pili, ampe nafasi ya kusoma kwa sauti kila jioni, hata kwa dakika kumi. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza: amwombe mtoto asome, kisha amweleze alichosoma kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kusimulia, hiyo ni dalili ya kumwona mwalimu. Tatu, amshirikishe katika hesabu za dukani na sokoni, na kumwacha atafute chenji. Nne, asimwite majina ya kumdhalilisha, wala asimlinganishe na nduguye.

Mwenye mashaka juu ya maendeleo ya mtoto wake aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha Mwalimu Mkuu. Panapohitajika, suala lifikishwe kwenye Kamati ya Shule au kwa Afisa Elimu Kata. Asisubiri matokeo ya mwisho wa mwaka. Upungufu wa silabi ukigunduliwa Darasa la Pili ni kazi ndogo. Ukiachwa hadi Darasa la Sita, mtoto mwenyewe huwa ameshaamini kwamba shule si mahali pake, na imani hiyo ni ngumu kuiondoa kuliko kumfundisha kusoma.