Mdundo wa Camaro na Gharama Zake

Kila Agosti, barabara ya Woodward inayotoka Detroit kwenda Pontiac hujaa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, na watu hupanga viti kando yake, wengine kwa ajili ya kusikiliza tu. Camaro ya Chevrolet ikisimama kwenye taa, injini yake haingurumi sawasawa. Inadunda, inasita, inatikisa boneti, inadunda tena. Mdundo huo ndio unaowapeleka wengi dukani kununua kamshafti kubwa kuliko injini zao zinavyoweza kubeba.

Kamshafti ni ule mhimili wenye matuta unaofungua vali, nao huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili. Tuta likiinuka zaidi, vali hufunguka zaidi. Hilo halina balaa sana. Balaa liko kwenye muda ambao vali hukaa wazi. Vali ya hewa ikiwahi kufunguka kabla ile ya moshi haijafunga, injini inayozunguka polepole hupaliwa na moshi wake yenyewe, na kupaliwa huko ndiko tunakokuita mdundo! Ikipita mizunguko 4,000 kwa dakika, hewa huwa na mwendo wa kutosha, na kasoro ileile hugeuka nguvu.

Chukua injini maarufu ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Usilinganishe kamshafti kwa nyuzi kubwa za muda huo wa vali zilizoandikwa juu ya boksi, maana kila kiwanda huanza kuhesabu pake. Tazama nyuzi zilizopimwa tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050. Kwa gari la barabarani lenye gia otomatiki, 210 hadi 225 zinatosha kabisa. Ukivuka 230, busta ya breki hukosa mvuto wa hewa na pedali huwa ngumu. Konvata ya gia nayo itataka kubadilishwa, na springi za vali, na huenda difu pia. Hapo kamshafti yenyewe ndiyo iliyokuwa rahisi.

Chevrolet walilijua hilo. Camaro Z/28 ya 1967, iliyoundwa ili ikubalike kwenye mashindano ya Trans-Am yenye kikomo cha lita 5, ilifungwa kamshafti ya nyuzi 254. Lakini haikufungwa peke yake: kompresheni ilikuwa 11 kwa 1, gia nne za mkono, difu ya 3.73. Otomatiki hukuuziwa hata ukiomba. Ndiyo maana muuzaji anayejua kazi hukuuliza uzito wa gari, kompresheni na difu kabla hajataja bei. Asiyeuliza, mwage.

Kuna jambo la mwisho, nalo huua kamshafti nyingi mpya siku ya kwanza. Zile za tapeti bapa, mara injini inapowaka, hutakiwa kukimbizwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kuachiwa ishuke, tena kwa oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za leo zimepunguzwa zinki ili kulinda mitambo ya kusafisha moshi, kwa hiyo tuta hulika na unga wa chuma husambaa hadi kwenye beringi. Mwenye uwezo afunge kamshafti ya rola, ingawa ni ghali zaidi. General Motors wenyewe, wamiliki wa Chevrolet, walianza kuweka rola kwenye ukoo huu wa injini mwaka 1987.