Mtakwimu, Hojaji na Majina ya Ukoo: Kazi ya Ushauri wa Takwimu katika Utafiti wa Jamaa

Mwezi wa Novemba 1888, mjini London, Edward Tylor alisoma mbele ya Taasisi ya Anthropolojia makala iliyokusudia jambo lililokuwa geni siku hizo: kuhesabu desturi za ndoa na nasaba kama watu wahesabuvyo mavuno. Alikuwa amekusanya habari za mataifa kati ya 300 na 400. Aliuliza ni mangapi ambayo mume huhamia kwa wazazi wa mke, ni mangapi ambayo mkwe mume hujiepusha na mama mkwe, na ni mangapi ambayo mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake. Kisha akapima kama desturi hizo huandamana mara nyingi kuliko bahati tupu iwezavyo kuleta. Desturi ya mwisho haihitaji maelezo kwa msomaji wa Lubumbashi, ambako mwanamke aweza kukaa mtaani miaka ishirini akijulikana kama Mama Ilunga na si zaidi.

Mwenyekiti wa kikao hicho alikuwa Francis Galton. Baada ya kusikiliza aliuliza swali moja tu la maana: je, mataifa hayo yalizua desturi zake kila moja peke yake, au mengine yaliigana, ama yalirithi kutoka chanzo kimoja? Maana ikiwa mataifa kumi ni matawi ya shina moja, basi aliyehesabu kumi amehesabu moja mara kumi. Swali hilo limebaki na jina lake katika vitabu vya mbinu za utafiti hadi leo: tatizo la Galton.

Twaanza na kisa hiki kwa sababu kazi ya mshauri wa takwimu yote imo ndani yake. Utafiti haukuwa wake. Hakukusanya habari hata moja. Alikuja na swali ambalo mwenye utafiti hakujiuliza. Makala hii yakusudia kueleza kazi hiyo jinsi ifanyikavyo katika utafiti wa jamaa, na kuonyesha mahali ambapo mwanaisimu wa Kiswahili ana sehemu yake. Wanafunzi wa lugha aghalabu huona tarakimu kuwa mambo ya kitivo kingine. Tutajaribu kuonyesha kwamba hesabu za jamaa huharibika kwanza katika maneno, kabla hazijafika kwenye jedwali.

Kuhusu historia ya kazi yenyewe hatutakawia. Nchini Marekani, George Snedecor alianzisha Maabara ya Takwimu katika chuo cha jimbo la Iowa mwaka 1933, na humo walimu wa kilimo na ufugaji walipata mtu wa kuwasaidia kupanga majaribio yao. Kwetu Kongo kazi hii haina kibao mlangoni. Imetawanyika: baadhi ya wenye ujuzi wako katika Taasisi ya Taifa ya Takwimu, wengine katika Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa iliyofunguliwa mwaka 1984, wengine ni walimu wa demografia na uchumi ambao hufuatwa na wanafunzi jioni, karatasi mkononi. Anayefuatwa kwa kawaida ni mtu mwenye hesabu za kutosha na subira zaidi ya hesabu, kwa kuwa nusu ya kazi ni kumsikiliza mtafiti mpaka aseme anataka kujua nini hasa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa saikolojia ataka kujua kama ugomvi wa wazazi huathiri masomo ya watoto. Amehoji watoto 500, naye ana furaha, kwa kuwa 500 ni idadi kubwa. Mshauri amwuliza: watoto hao umewapata wapi? Ajibu kuwa ameingia nyumba 100, akahoji watoto watano kila nyumba. Hapo ndipo swali la Galton linaporudi. Watoto wa nyumba moja husikia ugomvi uleule, hula bukari ileile, hulipiwa karo au kukosa karo pamoja. Jibu la mtoto wa pili kwa sehemu limekwisha kusemwa na wa kwanza. Tuseme mfanano wao wa ndani ya nyumba ni 0,3, kwa kipimo ambacho 0 maana yake hawafanani kupita watu baki na 1 maana yake wote hujibu sawa. Kanuni ni nyepesi: zidisha 0,3 kwa idadi ya watoto wa nyumba moja ukitoa mmoja, yaani 4, kisha ongeza 1. Utapata 2,2. Gawa 500 kwa 2,2 na utaona kwamba watoto 500 wa mwanafunzi wetu, kwa nguvu ya ushahidi, ni kama watoto 227 waliookotwa kila mmoja katika nyumba yake. Kipimo hicho cha 2,2 huitwa athari ya mpango wa sampuli, na aliyekieneza ni Leslie Kish, mzaliwa wa Hungaria, katika kitabu chake cha mwaka 1965. Asiyekijali hutangaza matokeo ambayo hayapo.

Mganga hajigangi. Galton huyohuyo, mwaka 1886, yaani miaka miwili kabla ya kumsahihisha Tylor, alichapisha uchunguzi wake mashuhuri juu ya urefu wa wazazi na watoto, ambamo wazo la urejeo kuelekea wastani lilipata umbo lake. Watoto walikuwa 928, waliokwisha kukua, na wazazi wao jozi 205. Urefu wa wanawake aliuzidisha kwa 1,08 ili ulingane na wa wanaume. Lakini ndugu wa mama mmoja aliwaweka katika jedwali lake kila mmoja kama kichwa kinachojitegemea, bila kujiuliza swali ambalo angemwuliza mwenzake. Katika habari hii tunaona sababu ya kuwepo kwa mshauri kuliko katika hoja nyingine yoyote: hata mtu aliye hodari kuliko wote ahitaji jicho la pembeni.

Utafiti wa mume na mke una ugumu wake wa pekee. Hapa hatuhesabu tena watu bali uhusiano, na uhusiano una mashahidi wawili wasiokubaliana. Tubuni tena: tumewauliza watu wa ndoa 100, mume mbali na mke mbali, kama huamua pamoja matumizi ya fedha. Waume 80 wasema ndiyo. Wake 60 wasema ndiyo. Ndoa ambazo wote wawili wasema ndiyo ni 52, na ambazo wote wasema hapana ni 12. Wamepatana basi katika ndoa 64, na mtafiti mwepesi ataandika kuwa wengi husema neno moja. Lakini hata kama kila mmoja angejibu bila kujua lolote la mwenziwe, bahati peke yake ingewapatanisha katika ndoa 56: yaani 48 za ndiyo kwa ndiyo na 8 za hapana kwa hapana. Kilichozidi juu ya bahati ni 8 tu, katika 44 ambazo zingeweza kuzidi. Ukigawanya utapata 0,18. Kipimo hiki, kiitwacho kapa, kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960, nacho kwa ndoa zetu 100 chasema kwamba makubaliano ni haba. Mtafiti aliyemhoji mume peke yake, akaandika kuwa asilimia 80 ya ndoa huamua pamoja, ameandika rai ya waume.

Sasa tuje kwenye maneno, ambako ndiko tulikotaka kufika.

Hojaji nyingi zitumikazo Kongo huandikwa kwanza kwa Kifaransa, kisha hutafsiriwa. Mara nyingi mfasiri hufuata Kiswahili cha vitabu, na mhojiwa husikia Kiswahili cha kwao. Katika mambo ya mvua na chakula tofauti hizo hupita bila madhara. Katika mambo ya ukoo hazipiti. Kwa Kiswahili cha pwani, bibi ni mama wa mzazi. Kwa Kiswahili cha Katanga, bibi ni mke. Hojaji ikimwuliza mwanamume kama bibi yake humsaidia kulea watoto, atajibu juu ya mkewe kwa moyo mweupe, na jedwali litasema kwamba wazee wa Lubumbashi ni walezi hodari. Vilevile neno kambo: vitabu husema mama wa kambo kwa mke wa baba asiye mzazi, hali kwetu nkambo ni babu au nyanya. Neno jamaa, ambalo pwani laweza kuwa mtu yeyote wa karibu, kwetu ni familia yenyewe, na kwa maana hiyo lilikuwa jina la mwendo wa kikristo ulioanza huko Kolwezi kwa mafundisho ya Padri Placide Tempels. Na kaya, neno zuri la wanatakwimu, wengi mtaani hawalijui. Ukiuliza lupango utapata watu wote wa kiwanja kimoja, hata wapangaji, na ukiuliza wanaokula pamoja utapata kundi lingine. Mshauri asiyeuliza ni neno gani lililotumika hajui alichohesabiwa.

Zaidi ya maneno kuna mpango wa ukoo wenyewe. Lewis Henry Morgan, katika kitabu chake cha mwaka 1871, alikwisha kuonyesha kwa hojaji alizotuma sehemu nyingi za dunia kwamba mataifa mengi humwita ndugu wa baba kuwa baba, na mtoto wake kuwa ndugu. Ndivyo ilivyo kwetu. Baba mdogo ni baba. Mama mkubwa ni mama. Watoto wao ni yaya na wadogo, si kitu kingine. Mbemba humtenga mtoto wa mjomba au wa shangazi kwa jina la mufyala, lakini mtoto wa mama mdogo ni ndugu yake kamili. Tena Wabemba na Walamba hufuata ukoo wa mama, Waluba wa Katanga hufuata wa baba, na katika mtaa mmoja wa Lubumbashi wote wanaishi ukuta kwa ukuta. Swali la nani mwenye sauti juu ya mtoto halina mjibu mmoja katika nyumba hizo mbili.

Msomaji asidhani ni mabishano ya wanaisimu tu. Kuna tarakimu nzito zinazosimama juu ya neno ndugu. Nchini mwetu, ambako sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984 na vifo vingi haviandikwi popote, vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi hukadiriwa kwa kuwauliza watu habari za dada zao. Mbinu hii ilitolewa na Wendy Graham, William Brass na Robert Snow mwaka 1989, baada ya kujaribiwa Gambia. Katika umbo lake la kwanza ilikuwa na maswali manne: dada wangapi walifika umri wa kuolewa, wangapi wako hai, wangapi wamekufa, na kati ya waliokufa ni wangapi walikufa wakiwa na mimba, wakati wa kuzaa au muda mfupi baadaye. Uchunguzi wa Demografia na Afya hutumia umbo refu zaidi la mbinu hiyohiyo. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulitoa kadirio la vifo 549 kwa kila watoto 100 000 waliozaliwa hai. Ule wa 2013-2014, uliohoji wanawake 18 827 katika kaya 18 171, ulitoa 846. Tarakimu hizo zimesomwa katika mikutano, zimejengewa mipango, zimeombewa fedha.

Dada ni nani, basi? Mbinu yataka dada wa mama mmoja. Mhojiwa akimtia na binti wa baba mkubwa, kosa lategemea jinsi anavyomtia. Akiwahesabu mabinti wote wa baba mkubwa, walio hai na waliokufa, sehemu iliyokufa haitapotoka sana, kwa sababu juu na chini vimeongezeka pamoja. Lakini mtu hakumbuki hivyo. Aliye hai, aliyeolewa Likasi au Kamina, husahaulika. Aliyekufa akijifungua hasahauliki, kilio chake kilijaza uwanja. Akiingia yeye peke yake, kadirio hupanda. Kinyume chake, kuna dada waliokufa mbali, ambao jamaa haitaki kutaja walikufaje, hasa ikiwa mimba haikuwa na mwenyewe; hao wakinyamaziwa, kadirio hushuka. Mtakwimu aweza kupima ukubwa wa bahati katika sampuli yake. Mwelekeo wa kosa la aina hii hawezi kuujua bila mtu anayejua mhojiwa alisikia nini alipoulizwa.

Dawa yake ipo, wala si ghali. Mwulize mhojiwa kwanza jina la mama aliyemzaa, kisha majina ya watoto wote waliotoka katika tumbo hilo moja, kuanzia kifungua mimba, na baada ya orodha kukamilika ndipo umwulize mmoja mmoja kama yu hai. Neno tumbo hufanya kazi ambayo neno ndugu haliwezi. Hali kadhalika kwa yatima: ukiuliza kama baba wa mtoto yupo, baba mdogo atakuwa amesimama pale pale mlangoni, ukiuliza kama baba aliyemzaa yu hai, utapata jibu jingine. Kisha tafsiri ikiisha, apewe mtu wa pili airudishe kwa Kifaransa bila kuona asili, na tofauti zijadiliwe kabla ya karatasi kupigwa chapa. Kwa maoni yetu siku mbili za kazi hiyo zina faida kuliko kuongeza wahojiwa mia, ingawa wenye fedha hupenda kununua wahojiwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha atakaye kushika njia hii, vizuizi si vikubwa kama adhanivyo. Uwezekano na sampuli kwa kiwango cha mwaka mmoja wa masomo, kisha mbinu za hesabu za watu walio katika makundi, vyatosha kuanzia. Programu ya R haina malipo, nayo hufanya yote tuliyoyataja hapa, pamoja na kapa na kipimo cha mfanano wa ndani ya nyumba. Hojaji za Uchunguzi wa Demografia na Afya zimechapishwa mwishoni mwa ripoti zenyewe. Uchunguzi wa tatu wa Kongo ulifanyika 2023-2024, na sura ihusuyo vifo vya watu wazima ni mahali pema pa kuanzia: asome swali la kwanza la ndugu, alitafsiri kwa Kiswahili cha mtaani kwake, alipeleke kwa wazee watano wa koo tofauti, na aandike kila mmoja alimhesabu nani.